Mganga Hajigangi: Uhakiki wa Kumbukumbu za Dresa wa Vita vya Burma

Utangulizi

Vitabu vilivyoandikwa na Waafrika wenyewe kuhusu Vita vya Pili vya Dunia si vingi, na vile vilivyoandikwa na watumishi wa idara ya utabibu wa jeshi ni haba zaidi. Kwa sababu hiyo kitabu cha Isaac Fadoyebo kiitwacho A Stroke of Unbelievable Luck, kilichotolewa mwaka 1999 na Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison nchini Marekani chini ya uhariri wa mwanahistoria David Killingray, chastahili kusomwa kwa makini kuliko udogo wake unavyoweza kumdokezea msomaji. Tukilifasiri jina la kitabu hicho kwa Kiswahili tutapata kitu kama Bahati Isiyosadikika. Mwandishi wake alikuwa Mnigeria. Vitani hakuwa mpiga bunduki. Alikuwa dresa, kama tulivyozoea kumwita mtu wa kazi hiyo katika zahanati zetu za zamani, yaani mfunga vidonda, mgawa dawa na muuguzi wa majeruhi.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kuna mvutano kati ya jina la kitabu hiki na maudhui yake. Jina lasema kwamba mwandishi alipona kwa bahati. Lakini masimulizi yenyewe, ambayo yametoka katika mikono ya mtu aliyefunzwa kutazama mwili wa mgonjwa na kueleza alichokiona, yatoa ushahidi mwingine. Yaonyesha kwamba alipona kwa sababu watu fulani, wenye majina na wenye mengi ya kuogopa, walimuuguza kwa muda wa miezi tisa. Tutajaribu kueleza jinsi mvutano huo ulivyotokea, na kwa nini tunaona kwamba ndio unaokipa kitabu hiki thamani yake. Kisha tutajibu hoja ya wale wanaoweza kukidharau kwa kuwa hakiwi na shabaha ya kisiasa iliyo wazi.

Mwandishi na mazingira ya kitabu

Fadoyebo alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Emure-Ile karibu na mji wa Owo, katika nchi ya Wayoruba. Alijiandikisha jeshini mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 16. Hakuwa amesukumwa na chuki dhidi ya Wajapani, wala na mapenzi makubwa kwa Mfalme wa Uingereza. Alikuwa kijana, na ujana humfanya mtu apende kutoka nyumbani. Akafunzwa kazi ya uuguzi, kisha akapelekwa Bara Hindi pamoja na Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, akiwa katika kituo cha 29 cha kupokelea majeruhi. Humo walitumika Wanigeria na watu wa Sierra Leone pamoja, chini ya madaktari na maofisa wa Kiingereza.

Hapana budi tueleze kazi ya kituo cha namna hiyo, kwa maana bila ya kuielewa msomaji hataona uzito wa yale yaliyotokea baadaye. Katika mpango wa jeshi la wakati ule, majeruhi aliokotwa na wachukuzi wa machela, akafungwa jeraha lake upesi katika kituo kidogo kilicho jirani na mapigano, halafu akarudishwa nyuma hatua kwa hatua. Kituo cha kupokelea majeruhi kilikuwa hatua ya kati. Hapo ndipo daktari mpasuaji alipoweza kumlaza mtu, kumtoa risasi na kumtengeneza kiasi cha kuweza kuistahimili safari ya hospitali. Mpango huo unadhani kwamba pana mbele na pana nyuma: mbele pana adui, nyuma pana usalama.

Katika bonde la mto Kaladan, jimbo la Arakan, magharibi ya Burma (nchi iitwayo Myanmar siku hizi), dhana hiyo haikuwa na maana. Hapakuwa na barabara. Ili kulifikia bonde hilo askari wa Divisheni ya 81 walichonga njia ya gari dogo, yenye urefu wa maili 75 hivi, kupita katika milima na misitu. Walipokwisha kuteremka bondeni walitegemea chakula, risasi na dawa zilizoangushwa kwa ndege, na wapagazi waliobeba mizigo vichwani. Jeshi lililo katika hali hiyo halina nyuma. Kituo cha majeruhi huenda pamoja nalo, na adui anaweza kukizukia kutoka upande wowote.

Ndivyo ilivyokuwa mapema mwezi wa Machi mwaka 1944. Wajapani walikishambulia kituo cha 29 ghafula, kando ya mto. Baadhi ya watu waliuawa palepale. Fadoyebo alipigwa risasi iliyomvunja mguu, na nyingine ikamjeruhi tumboni. Jeshi lake lilirudi nyuma, likaliacha bonde lile. Mvua kubwa za Arakan zikaingia. Majeshi ya Uingereza hayakurudi tena mpaka mwezi wa Desemba. Wenziwe kadhaa waliojeruhiwa pamoja naye walikufa. Waliobaki hai walikuwa wawili, yeye na David Kargbo wa Sierra Leone. Walifichwa na kulishwa na wanavijiji Waislamu wa huko, na hasa na mkulima wa mpunga aitwaye Shuyiman, ambaye hatimaye aliwachukua nyumbani kwake.

Nafasi ya dresa katika masimulizi ya vita

Fasihi ya Kiswahili ina mapokeo marefu ya kusimulia vita. Tunao utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy kuhusu vita vya Wadachi vya kuiteka pwani. Tunao Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliotolewa mwaka 1967, wenye beti zipatazo elfu tatu juu ya vita vya mwaka 1939 hata 1945. Katika tungo za namna hii vita hutazamwa kutoka juu. Mataifa husimama kama watu, majemadari hutajwa kwa majina, na majeshi husonga mbele au hushindwa. Kadhalika kitabu cha jemadari William Slim, Defeat into Victory, cha mwaka 1956, ambacho chaeleza vita vya Burma kwa ufasaha mkubwa, ni kitabu cha mtu aliyeshika ramani.

Dresa hashiki ramani. Hajui vita vinaelekea wapi isipokuwa kwa hesabu ya majeruhi wanaoletwa. Kwake yeye mapigano ni idadi ya machela na ni akiba ya bendeji iliyobaki. Askari mpiga bunduki akisimulia, kitenzi chake kikuu ni kupiga. Dresa akisimulia, kitenzi chake kikuu ni kupokea. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu yabadilisha maana ya ushujaa. Shujaa wa utenzi hupimwa kwa alichomfanyia adui. Dresa hupimwa kwa alichokifanya baada ya mapigano kwa mtu ambaye hawezi tena kupigana wala kumlipa.

Lakini Fadoyebo hakupata nafasi ya kujenga sifa ya namna hiyo, na hapa ndipo kitabu chake kinapoachana na kumbukumbu za kawaida za waganga wa vita. Mfaransa Georges Duhamel, aliyekuwa daktari mpasuaji katika Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika juu ya majeruhi wake akiwa amesimama kando ya vitanda vyao. Huruma yake ni kubwa, lakini mwili unaoumia ni wa mtu mwingine. Katika kitabu cha Fadoyebo umbali huo umefutwa mara moja. Muuguzi anageuka kuwa mgonjwa, na kituo kizima cha matibabu, pamoja na madaktari wake, visanduku vyake vya dawa na machela yake, kinatoweka katika muda mfupi.

Wahenga wamesema kwamba mganga hajigangi. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumkumbusha mtu mwenye ujuzi kwamba naye humhitaji mwenzake. Katika bonde la Kaladan methali hiyo inakuwa hali halisi. Fadoyebo ajua vema nini kinapasa kufanywa kwa mtu aliyevunjika mguu kwa risasi. Ajua kwamba mfupa hautaunga sawasawa usipofungwa banzi na kuvutwa. Ajua kwamba jeraha lisiposafishwa litatunga usaha. Ajua kwamba jeraha la tumbo mara nyingi humuua mtu. Ujuzi huo wote hauna chombo hata kimoja cha kuufanyia kazi. Mtu asiyejua angeweza angalau kujidanganya. Dresa hana faraja hiyo, kwa kuwa ugonjwa wake ausoma kama mtu asomaye barua aliyoandikiwa yeye mwenyewe.

Hali hii ndiyo iliyoathiri fani ya kitabu. Masimulizi yake ni ya moja kwa moja, yafuata tarehe na mfuatano wa mambo, na lugha yake ni kavu kama ya taarifa. Hapana taswira zilizopambwa, wala hapana kilio. Huenda msomaji aliyezoea riwaya akaona kwamba mwandishi hana ufundi. Sisi twaona kwamba ukavu huu ni adabu ya kazi. Muuguzi anapoandika hali ya mgonjwa katika karatasi iliyo ubavuni mwa kitanda, haandiki kwamba mgonjwa anatia huruma. Aandika homa, jeraha, na kama amekula au hakula. Fadoyebo ameichukua adabu hiyo akaitumia kwa nafsi yake. Matokeo yake ni kwamba msomaji humwamini. Mahali ambapo mwandishi mwingine angetulazimisha tulie, yeye atuwekea jambo mbele yetu, akatuachia hukumu.

Bahati au fadhila?

Sasa tulirudie jina la kitabu. Ni kweli kwamba katika habari hii bahati ipo. Risasi ingeweza kupita inchi moja upande mwingine. Wajapani waliowakuta wangeweza kummaliza. Majeshi ya Uingereza yangeweza kuchukua njia nyingine mwaka ule, yasirudi Kaladan. Mtu aliyelala karibu na maiti za wenziwe, kisha akaishi hadi mwaka 2012 akiwa mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, hana budi kuona kwamba kuna kitu kilichomchagua bila sababu. Hatumlaumu kwa kukiita kitu hicho bahati.

Hata hivyo, tukihesabu siku twaona kwamba bahati ilifanya kazi yake katika saa chache za kwanza tu. Kutoka Machi mpaka Desemba ni miezi tisa. Mtu ambaye hawezi kusimama hapati chakula kwa bahati kila siku kwa miezi tisa. Lazima awepo mtu wa kuupika wali, na mtu wa kuuchukua mpaka alipofichwa. Lazima awepo mtu wa kumwondoa kichakani mvua zinapozidi, kwa maana Arakan ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi sana, na kidonda kilicho wazi hakiponi katika maji. Lazima kijiji kizima, watoto wakiwemo, kinyamaze. Ukimya wa kijiji kwa miezi tisa ni kazi ya pamoja, tena kazi iliyofanywa upya kila asubuhi.

Zaidi ya hayo, watu hao walikuwa na sababu nzuri za kukataa. Mnamo mwaka 1942, Waingereza walipokuwa wakikimbia na Wajapani wakiingia, jimbo la Arakan lilikuwa limekumbwa na mauaji makubwa kati ya Mabudha na Waislamu. Kijiji cha Waislamu kilichokutwa kimewaficha askari wa Uingereza kisingesamehewa. Shuyiman hakuwa amelipwa, wala hakuwa na ahadi kwamba Waingereza wangerudi. Alichokuwa nacho mbele yake ni vijana wawili wageni kabisa, wa rangi asiyoizoea na wa lugha asiyoifahamu, ambao jeshi lao lilikuwa limewaacha. Methali yetu yasema asiyekujua hakuthamini. Shuyiman hakuwajua, na aliwathamini.

Hapa ndipo jicho la dresa linapomshinda mwandishi mwenyewe. Kwa kuwa amezoea kueleza mgonjwa alikula nini, alilala wapi na nani alimgeuza, Fadoyebo ametuachia ushahidi wa uuguzi wenyewe. Ukiyasoma masimulizi yake kwa mpango huo, utakuta kwamba yale aliyofunzwa jeshini (kulisha, kukinga, kusafisha, kukaa na mgonjwa, kumpa moyo) yanafanywa na mkulima asiye na cheo wala kisanduku cha dawa. Kituo cha 29 kilikufa kando ya mto, na kazi yake ikaendelea katika nyumba ya Shuyiman.

Kwa mfasiri wa Kiswahili jambo hili laleta swali la manufaa. Neno bahati kwetu lina maana ya kitu kimwangukiacho mtu bila yeye wala mwingine kukusudia. Lakini tunalo neno fadhila, ambalo hutumika kwa wema utokao kwa mtu kwenda kwa mtu, na ambalo humwachia aliyetendewa deni la shukrani. Mtu husema „sisahau fadhila zako”; hasemi „sisahau bahati zako”. Kama kitabu hiki kitafasiriwa siku moja, na twatumaini kitafasiriwa, mfasiri atapaswa kuliheshimu jina alilolichagua mwandishi. Lakini msomaji Mswahili atakapofika katikati ya kitabu, nadhani neno fadhila litamjia mwenyewe akilini.

Fadoyebo naye hakulisahau deni. Mwandishi wa habari Mwingereza, Barnaby Phillips, alisafiri hadi kijiji kile mwaka 2011 akiwa amechukua barua ya shukrani kutoka kwa mzee huyo kwa jamaa ya Shuyiman. Shuyiman alikuwa amekwisha fariki, lakini jamaa zake walipatikana. Habari hiyo ilitengenezewa filamu, na baadaye Phillips akaandika kitabu, Another Man's War, kilichotoka mwaka 2014. Wema hauozi, wasema wahenga. Miaka 67 haikuuozesha. Kwa maoni yetu barua ile ni sehemu ya maandishi ya Fadoyebo, hata kama haimo katika kitabu chake. Ndani yake asante inakwenda kwa watu, na kwa hiyo yaweza kusomwa kama sahihisho la jina la kitabu lililotolewa na mwandishi kwa mkono wake.

Kasoro za kitabu

Tumekisifu kitabu hiki, lakini mhakiki asiyetaja kasoro hamsaidii msomaji. Kasoro kubwa ni kwamba wahusika walio karibu sana na msimulizi hawapati maisha ya kutosha. Shuyiman twamwona kwa vitendo vyake tu. Twamwona akija, akileta, akiondoka. Hatumsikii akibishana na mkewe usiku kama yafaa kuendelea kuwaweka wageni hawa, wala hatujui aliwaambia nini majirani zake waliokuwa na hofu. Ni kweli kwamba msimulizi, akiwa mgonjwa na mgeni wa lugha, hakuweza kuyasikia hayo. Lakini mtunzi angeweza kutuonyesha kwa uwazi zaidi ukuta huo wa lugha, na jinsi watu wasioelewana kwa maneno walivyojenga mazoea ya ishara. Kargbo naye, aliyeshiriki naye kila kitu kwa miezi yote tisa, alistahili kuchorwa kwa rangi nyingi zaidi.

Kasoro ya pili ni ya wakati. Kitabu kilichapishwa miaka 55 baada ya mambo yenyewe. Kumbukumbu iliyokaa muda huo wote hulainika, na mambo makali hupoteza ncha zake. Pengine ndiyo sababu neno bahati likashinda. Mtu akiisimulia habari yake mara nyingi kwa watoto na wajukuu, huishia kuitia katika umbo la hadithi ya ajabu, na hadithi ya ajabu hupenda muujiza kuliko kazi ya kila siku ya kuchota maji na kupika.

Suala la siasa

Iko hoja nyingine ambayo wahakiki wa mkabala wa fasihi ya ukombozi wangeweza kuitoa. Wangeweza kusema: Hapa yuko Mwafrika aliyepelekwa mwisho wa dunia kupigania dola iliyomtawala, alivunjwa mguu, mbona hamlaani mkoloni? Wangeweza kumlinganisha na waandishi wa Kenya. Waruhiu Itote, katika kitabu chake „Mau Mau” General cha mwaka 1967, aeleza jinsi vita vya Burma vilivyomfumbua macho kabla hajaingia msituni. Bildad Kaggia, katika Roots of Freedom cha mwaka 1975, aonyesha jinsi utumishi wa jeshi ng'ambo ulivyomfundisha kuuhoji utawala wa Waingereza na mambo mengine mengi. Kwa waandishi hawa vita vilikuwa skuli ya siasa.

Hoja hiyo ina uzito. Mwandishi wa vita vya Burma asiyeuliza kwa nini Mwafrika alikuwa huko huacha pengo. Jeshi lile lilikuwa na ubaguzi katika kila ngazi. Waafrika waliopewa uofisa walikuwa wa kuhesabika, kama Seth Anthony wa Gold Coast aliyepata cheo hicho mwaka 1942, ilhali askari wa kawaida wa Kiafrika katika Asia ya kusini-mashariki walifikia takriban laki moja. Msomaji anayetaka kulielewa jambo hilo atahitaji vitabu vingine kando ya hiki. Riwaya ya Biyi Bandele, Burma Boy, iliyotoka mwaka 2007, yaweza kumsaidia, kwa kuwa mtunzi huyo, ambaye baba yake alipigana Burma, alikuwa na uhuru wa riwaya wa kusema yale ambayo shahidi huyanyamazia.

Pamoja na hayo, twaona kwamba ni makosa kumpima kila shahidi kwa kipimo kimoja. Itote na Kaggia waliandika wakiwa viongozi, wakieleza walivyofika mahali walipofika. Fadoyebo hakuwa akielekea uongozi wowote. Aliandika kama mtu aliyelala chini, na kutoka chini huonekana mambo ambayo aliyesimama hayaoni. Kitabu chake hakitoi hotuba dhidi ya dola, lakini chaonyesha kwa vitendo kwamba dola ilipomwacha, aliyemwokota alikuwa mtawaliwa mwenzake. Mkulima wa Arakan na kijana wa Kiyoruba walikuwa wote chini ya bendera moja ya kigeni, hawakuwa wamesikiana kabla ya siku ile, na wala hawakuhitaji lugha ya bwana wao ili kutambuana. Hilo ni jambo la kisiasa, hata kama halikuandikwa kwa maneno ya siasa.

Tena ni jambo lililozidi uzito katika miaka ya karibuni. Waislamu wa Arakan, jimbo ambalo sasa laitwa Rakhine, ndio ambao ulimwengu umewafahamu kwa jina la Warohingya. Kuanzia mwezi wa Agosti mwaka 2017 zaidi ya watu laki saba miongoni mwao walikimbilia Bangladesh kwa sababu ya mashambulizi ya jeshi la Myanmar. Watu wanaoambiwa kwamba nchi ile si yao walikuwapo mwaka 1944, wakilima mpunga na kuwaficha majeruhi wa jeshi la Uingereza. Kitabu cha dresa wa Kinigeria ni mojawapo ya mashahidi wao. Mgala muue na haki yake umpe, yasema methali. Hawa hata haki hiyo ya kutajwa kwa wema waliotenda wamenyimwa na wengi.

Funzo kwa fasihi ya Kiswahili

Msomaji atauliza, haya yatuhusu vipi sisi wenye kushughulika na Kiswahili? Yatuhusu kwa karibu. Wakati Fadoyebo akiwa amelazwa katika Arakan, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiteremka bonde la Kabaw kuelekea Kalewa na mto Chindwin, katika mvua zile zile za mwaka 1944. Lugha ya askari wake ilikuwa Kiswahili. Kwa Kiswahili walipewa amri, na kwa Kiswahili majeruhi walimwita dresa. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari mwaka huo huo, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imechukua wapiga mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wa kike, ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi, na watu wapatao 1,300 wakafa.

Mambo haya yamebaki zaidi katika masimulizi ya mdomo, katika nyimbo za askari, na katika barua zilizofungwa ndani ya masanduku ya familia. Kizazi cha keya walioyaona kwa macho kimekwisha karibu chote. Waliobaki ni watoto na wajukuu waliosikia. Wanafunzi wa idara zetu wanaotafuta mada za tasnifu wangefanya kazi ya maana kama wangekwenda kuyaandika wanayoyakumbuka hao, na hasa habari za wale waliofanya kazi ya machela, jikoni na wodini, maana hawa ndio ambao historia za majemadari huwapita upesi. Tusiwatake watupe mashujaa. Tuwaulize nani alimbeba nani, nani alimpa nani maji, na nani alinyamaza alipoulizwa.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba A Stroke of Unbelievable Luck ni kitabu ambacho ushahidi wake unakwenda mbali zaidi ya jina lake. Tumeonyesha kwamba ukavu wa lugha yake watokana na kazi ya mwandishi wake, na kwamba ukavu huo huo ndio uliohifadhi habari za uuguzi wa Shuyiman kwa usahihi ambao sifa nyingi zisingeuweza. Tumekubali kwamba wahusika wake wamechorwa kwa upungufu, na kwamba suala la ukoloni limeachwa nje kwa kiasi kikubwa. Lakini tumeikataa hoja kwamba upungufu huo wakiondoa katika orodha ya maandishi yenye maana kwa Afrika. Chapaswa kusomwa pamoja na Itote na Kaggia, wala si chini yao, na mwalimu atakayekifundisha afanye vizuri kuanza na swali ambalo dresa yeyote huulizwa anapokabidhi zamu: mgonjwa huyu amehudumiwa na nani?